Amri ya systemctl ikifa, tusikimbilie kuizima seva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nipinge ushauri uliotolewa na ukurasa wenu wa teknolojia kwa msomaji aliyeuliza afanye nini pale amri ya systemctl inapokufa ghafla kwenye seva yake ya Linux, mfumo endeshi unaotumika sana kwenye seva. Alijibiwa kwamba aizime seva na kuiwasha tena, na tatizo likirudi apige Linux upya, yaani aisakinishe kuanzia mwanzo. Kazi yangu ya kila siku ni kutunza seva za namna hiyo katika ofisi za watu, na ninalisema hili kwa uzito wote: ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu unamtaka fundi aufute ushahidi kabla hajausoma, na wakati mwingine unamtaka aizime mashine ambayo huenda isiwake tena.

Kwa wasomaji wasioizoea, systemctl ni amri ambayo msimamizi wa seva huiandika kwenye terminali anapotaka kuanzisha huduma, kuisimamisha au kuuliza hali yake, iwe ni hifadhidata, tovuti au barua pepe. Amri hiyo haifanyi kazi hizo yenyewe. Mwenye kuzifanya ni systemd, programu ambayo kerneli, kiini cha Linux, huianzisha kabla ya nyingine zote na kuipa namba 1. Systemctl ni tarishi anayepeleka ombi kwa systemd kupitia soketi, mlango wa mawasiliano kati ya programu, na kurudi na jibu. Lennart Poettering na Kay Sievers waliuanza mradi wa systemd mwaka 2010, Fedora 15, mmojawapo wa mifumo ya Linux, ikaupokea mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 ikafuata mwaka 2014, na mwaka 2015 zikaingia Debian 8 na Ubuntu 15.04. Kwa hiyo fundi anayekabidhiwa seva ya Linux leo, iwe ya shule, ya zahanati au ya duka la jumla, kwa kiasi kikubwa atakuwa anaiongoza kwa amri hii, na siku ikigoma atakuwa amepoteza njia yake ya kawaida ya kuzungumza na mashine. Ndiyo maana jibu la haraka haraka katika gazeti linalosomwa na wengi linaweza kuleta hasara kubwa kuliko tatizo lenyewe.

Jambo la kwanza ambalo ukurasa wenu ulipaswa kumuuliza msomaji yule ni kwamba kilichokufa ni nini hasa, kwa maana mafundi wengi wakisema "systemctl imekufa" huwa wanakusanya chini ya kauli moja mambo yasiyo na undugu. Mashine yenyewe hutoa jibu. Mara tu baada ya amri kugoma, kabla ya kuandika kitu kingine chochote, fundi aandike echo $? na kusoma namba itakayotokea. Akipata 3 baada ya kuuliza hali ya huduma, maana yake ni kwamba huduma ile haifanyi kazi. Akipata 4, huduma yenye jina hilo haipo. Katika hali zote mbili systemctl ni nzima kabisa na imetimiza wajibu wake wa kumletea habari asiyoipenda. Lakini namba zinazozidi 128 zina habari nyingine: toa 128, na kinachobaki ni ishara iliyoiua programu. Namba 139 ni ishara ya 11, yaani programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa, na kwenye skrini huandikwa "Segmentation fault". Namba 137 ni ishara ya 9, yaani imeuawa na mwingine, na mara nyingi muuaji ni kerneli yenyewe baada ya RAM kuisha. Namba 135, kwenye kompyuta zetu za kawaida, ni ishara ya 7, ambayo skrini huiita "Bus error", nami nitairudia hapa chini kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Zipo pia nyakati ambapo systemctl haifi hata kidogo, bali inamkosa wa kuzungumza naye. Ikiandika "System has not been booted with systemd as init system (PID 1). Can't operate.", inasema wazi kwamba mwenye namba 1 hapo si systemd. Hili huwasumbua sana wanafunzi wanaojifunzia Linux ndani ya kontena za Docker, yaani vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu, na wale wanaotumia Linux ndani ya Windows kwa njia ya WSL, ambayo iliruhusu systemd kuanzia Septemba 2022, na mara nyingi mtumiaji ndiye anayepaswa kuiwezesha mwenyewe katika faili la /etc/wsl.conf. Kumwambia mwanafunzi huyo apige mfumo upya ni kumpotezea siku nzima. Vivyo hivyo, amri ya systemctl daemon-reload, inayoitaka systemd isome upya mipangilio yake, hukataa kufanya kazi kama nafasi iliyobaki chini ya /run imepungua mno, kwa kuwa systemd hudai akiba ya megabaiti 16 kabla ya kujipakia upya. Hapo amri haikuanguka, imekataa kwa makusudi na imeeleza sababu, na df -h /run, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki, ingeonyesha jambo hilo papo hapo.

Ujumbe wa "Connection timed out" ni mzito zaidi, maana unaweza kuonyesha kwamba systemd yenyewe imeganda. Hili limewahi kutokea kwa sababu zinazojulikana. Septemba 2016 Andrew Ayer alionyesha hadharani kwamba mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote kwenye mashine, angeweza kuigandisha systemd kwa kutuma ujumbe mtupu kwenye soketi ya /run/systemd/notify. Julai 2021 kampuni ya Qualys ikatangaza kasoro nyingine, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2021-33910, ambayo ilimwezesha mtumiaji kama huyo kuiangusha systemd, na mashine nzima pamoja nayo, kwa kupachika mfumo wa faili (yaani kuunganisha hifadhi ya mafaili) mahali penye njia, yaani anwani ya folda, ndefu kupita megabaiti nane. Kasoro hiyo ilikuwa imejificha tangu toleo la 220, la mwaka 2015. Mara nyingi, systemd ikianguka kwa sababu nyingine, haiachi mashine izimike. Huandika "Freezing execution" katika ujumbe wa kerneli kisha hubaki imesimama, huku huduma zilizokwisha kuanza zikiendelea kufanya kazi bila msimamizi. Fundi anayeilaumu systemctl hapo anamlaumu asiyehusika.

Nakiri kwamba katika hali hiyo kuwasha upya ndiyo tiba. Hata hivyo ipo namna ya kuwasha upya. Hifadhidata isimamishwe kwanza kwa amri yake yenyewe au kwa kill -TERM, inayoiomba programu ijifunge, iandikwe sync, inayolazimisha data iandikwe kwenye diski, ndipo itolewe systemctl reboot --force --force, ambayo haipiti kwa systemd iliyoganda bali huiomba kerneli moja kwa moja. Kwa kuwa njia hiyo haifungi programu wala haiondoi mifumo ya faili iliyopachikwa kwa utaratibu, anayeitumia bila kusimamisha hifadhidata anaweza kupoteza data, na ni heri ajue hilo kabla kuliko baada. Kubonyeza kitufe cha umeme, kama msomaji yule alivyoelekezwa, kunafika palepale bila tahadhari hata moja kati ya hizo.

Sasa nije kwenye "Bus error". Chama kimoja cha akiba na mikopo katika mji ninaofanyia kazi kiliniita kwa sababu kila amri ya systemctl kwenye seva yao ilikuwa ikiishia na maneno hayo. Dirishani mambo yalikuwa yakienda vizuri, wanachama wakiweka na kutoa fedha, hifadhidata ikiitika bila kusita, na uongozi ulikuwa umekubaliana kwamba baada ya saa za kazi seva izimwe na kuwashwa ili "ijirekebishe". Nikaomba isiguswe. Nilipoandika dmesg -T, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, mistari ya mwisho ilikuwa imejaa "I/O error, dev sda", mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitaja sekta ya diski. Nikaandika sha256sum /usr/bin/systemctl, amri ambayo haifanyi lolote zaidi ya kulisoma faili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na jibu likawa "Input/output error". Amri ya smartctl, inayosoma afya ya diski, nayo ikaonyesha kwenye mstari wa Current_Pending_Sector kwamba kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma.

Maelezo yake ni rahisi ukishayaona. Linux haisomi programu nzima kutoka kwenye diski kila mara. Vipande vilivyokwisha kusomwa hubaki kwenye RAM maadamu nafasi ipo. Hifadhidata na systemd zilikuwa zimeanza zamani, vipande vyake vikiwa tayari kwenye RAM, kwa hiyo uozo wa diski ulikuwa haujazifikia. Systemctl, ambayo pale ofisini huitwa mara chache, ilikuwa imeshatolewa kwenye RAM, ikalazimika kusomwa upya, na kipande chake kimoja kilikuwa kimeangukia kwenye sekta mbovu. Kerneli ikishindwa kuleta kipande cha programu inayoendelea kufanya kazi huiua kwa ishara ya 7. Kumbe amri ile, kwa kufa kwake, ndiyo iliyokuwa ikiwapa taarifa ya mapema kwamba diski inakwisha. Tuliihamisha hifadhidata yote kupitia mtandao hadi kwenye kompyuta nyingine ikiwa bado inaitika, tukahakikisha nakala inafunguka, ndipo seva ikazimwa na diski mpya ikawekwa. Kama ingezimwa jioni ile bila nakala, kila kitu, kuanzia kerneli hadi systemd hadi rekodi za wanachama, kingelazimika kusomwa upya kutoka kwenye diski ileile inayooza.

Hilo ndilo linalonifanya nione kwamba ushauri wa pili wa ukurasa wenu, wa kupiga Linux upya, ni mbaya hata kuliko wa kwanza. Kuandika mfumo mzima juu ya diski inayokufa ni kuimalizia, na kuuandika juu ya diski nzima kwa sababu ya faili moja lililoharibika ni kazi isiyohitajika. Kabla ya kufika huko fundi anaweza kuuliza mfumo wenyewe kama mafaili yake bado yako kama yalivyotoka kiwandani: kwenye Debian na Ubuntu ni dpkg --verify systemd, na kwenye jamii ya Red Hat ni rpm -V systemd. Amri hizi zisipotoa kitu, mafaili ni salama. Zikitoa mstari wenye tarakimu 5 katikati ya alama za kuuliza au nukta, faili lililotajwa mwishoni mwa mstari limebadilika, na kama si faili la mipangilio ambalo mtu amelihariri kwa hiari yake, hapo kuna jambo. Diski ikiwa imethibitika kuwa nzima, apt install --reinstall systemd itarudisha mafaili hayo peke yake bila kugusa data ya mtu yeyote. Na kama usasishaji ulikatikia njiani, labda kwa sababu muunganisho wa mbali ulipotea, dpkg --configure -a humalizia pale ulipoishia.

Yapo makosa ambayo hata uhakiki wa namna hiyo hauwezi kuyaona, na moja limeenea mno kiasi kwamba sipendi kulipita. Programu nyingi za kibiashara, hasa za uhasibu na za hifadhidata kubwa, huja na maktaba zao wenyewe, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea, na wanaozisakinisha hupenda kuweka LD_LIBRARY_PATH katika mazingira ya mtumiaji ili maktaba hizo zitangulie zile za mfumo. Kuanzia hapo kila amri inayoandikwa na mtumiaji huyo, systemctl ikiwemo, inaweza kuokota maktaba kuukuu isiyolingana nayo, ikafa pale pale. Dalili yake huwachanganya watu: amri inakufa kwa mtumiaji aliyeingia moja kwa moja kama root, msimamizi mkuu, lakini inafanya kazi kwa anayetumia sudo, amri ya kuazima mamlaka hayo, kwa sababu sudo huyaondoa mazingira ya namna hiyo kwa ajili ya usalama. Kipimo chake ni mstari mmoja, env -i /usr/bin/systemctl --version, unaoiendesha amri bila mazingira hayo. Ikifanya kazi hapo na kufa bila env -i, mwenye kosa yumo kwenye mazingira, na ldd /usr/bin/systemctl itaonyesha ni maktaba ipi inayotoka kwenye folda isiyo yake.

Chaguo hilo la --version lina faida nyingine. Halimtafuti mwenye namba 1 kabisa. Linaandika toleo na kuondoka. Kwa hiyo systemctl ikifa hata kwa --version, fundi asipoteze muda kuichunguza systemd wala huduma zake, bali aelekee kwenye faili lenyewe, maktaba zake, mazingira, au vifaa. Ikiitika vizuri kwa --version na kufa inapopewa ombi halisi, aianze tena kwa kutanguliza SYSTEMD_LOG_LEVEL=debug, ambayo huifanya ieleze kila hatua inayopitia, au aiendeshe ndani ya strace, inayoorodhesha maombi yake kwa kerneli, na kusoma mistari ya mwisho kabla ya kifo. Na ikiwa si systemctl peke yake inayokufa, bali leo ni hii, kesho ni nyingine, bila mpangilio wowote, basi RAM ipimwe kwa memtest86+ kabla programu yoyote haijalaumiwa.

Ndugu Mhariri, yote haya hutegemea ushahidi kuwapo, na hapa ndipo kuwasha upya kunapoumiza zaidi. Journald, programu inayotunza daftari la matukio, kwa mpangilio uliokuwa wa asili kwa miaka mingi, huliweka daftari hilo chini ya /run/log/journal iwapo folda ya /var/log/journal haipo, na /run nzima imo ndani ya RAM. Seva ikizimwa, daftari hilo linapotea. Debian ilianza kulihifadhi kwenye diski bila kuombwa katika toleo la 11, la mwaka 2021, lakini seva nyingi nilizozikuta zikiendelea na kazi ni za kabla ya hapo, au ni za mifumo mingine yenye mpangilio wa kale. Fundi anayekutana na amri inayokufa kwenye seva kama hiyo anaweza bado kuliokoa daftari, maana journalctl haiitegemei systemctl: aandike journalctl -b na kuelekeza matokeo kwenye faili lililo nje ya seva ile, kisha afanye vivyo hivyo kwa dmesg. Kama systemd-coredump, programu inayohifadhi kumbukumbu za programu zilizokufa, imesakinishwa, coredumpctl info itampa pia jina la programu iliyokufa, ishara iliyoiua na mfuatano wa kazi zilizokuwa zikiendelea ndani yake. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi hicho husakinishwa kivyake, na ni vyema kisakinishwe siku seva inapoanza kazi, kwa kuwa hakiwezi kusimulia kifo kilichotokea kabla hakijakuwapo.

Nitaongeza tahadhari moja kwa wenzangu wenye desturi ya kuomba msaada kwenye makundi ya WhatsApp. Matokeo ya maandishi ya coredumpctl yanaweza kusambazwa baada ya kusomwa kwa makini, lakini faili lenyewe la kumbukumbu ya kifo lisitumwe kwa mtu yeyote asiyehusika, kwa sababu hubeba vilivyokuwa ndani ya programu wakati ikifa, na humo mnaweza kuwa na nywila na taarifa za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taasisi yenye kumbukumbu za wanachama haina sababu ya kuzianika kwa ajili ya kutafuta kosa la amri moja.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wa teknolojia uchapishe marekebisho ya jibu lile, mahali palepale lilipotokea, na umwambie msomaji aliyeuliza kwamba kabla ya kugusa kitufe cha umeme aandike echo $?, dmesg -T, journalctl -b na systemctl --version, na akusanye majibu yote manne nje ya seva yake. Kama bado hajaizima, uwezekano mkubwa ni kwamba jibu la swali lake limo humo. Kama ameshaizima na imewaka salama, atengeneze folda ya /var/log/journal leo hii, aandike journalctl --flush, asakinishe systemd-coredump, na achukue nakala ya data yake kabla amri haijafa mara nyingine.

Msomaji wenu,
Fundi wa seva, Morogoro